Mke wangu mjamzito anameza dawa za usingizi, mtoto atakuwa mzito wa kuelewa shuleni?

Swali: Shikamoo dokta, nko Pongwe hapa Tanga. Wife ana mimba ya miezi mitano na karibu kila usiku anameza diazepam alizonunua dukani maana usingizi hapati. Nimeambiwa zinaharibu akili ya mtoto, aache leo leo?

Jibu: Marahaba kaka. Asiache ghafla, tafadhali, aliyezizoea akikata siku moja anaweza kutetemeka hadi kupata degedege na hapo mnaumia wote, zinapunguzwa kidogo kidogo daktari akiangalia.

Sasa mtoto. Diazepam inapita kondo la nyuma kwa urahisi hadi kwa mtoto, na mwilini mwake inakawia kutoka. Inafanya kazi kwenye mfumo wa kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambao kwa mtu mzima unatuliza ubongo lakini kwa mtoto aliyeko tumboni ndo unasaidia kuzielekeza seli za ubongo zifike sehemu zake, kwa hiyo kuuchezea miezi na miezi si jambo dogo. Kwenye utafiti wa panya waliopewa diazepam wakiwa na mimba, watoto wanazaliwa wazima kabisa kwa macho, halafu wakikua ndo unaona wengine wanashtuka tofauti na wenzao wakisikia sauti, wengine wanachelewa kujifunza njia. Ndo maana mtu kusema "mbona wangu alizaliwa mzima" hainitoshi mimi.

Kwa binadamu ushahidi wa diazepam umegawanyika, maana mama mwenye wasiwasi na asiyelala naye ana yake yanayomgusa mtoto, kwa hiyo usimhukumu mwanao kabla hajazaliwa. Fenobabito, dawa nyingine ya kutuliza ubongo inayotumika kwa kifafa, ndo ina ushahidi mzito zaidi, kule Denmaki wanaume ambao mama zao walipewa wakiwa wajawazito walipopimwa ukubwani akili ilikuwa chini kuliko wenzao, utafiti ulitoka 1995. Ila mama wa kifafa anayesoma hapa asiitupe fenobabito yake, kupata degedege akiwa mjamzito ni hatari kubwa, aongee na daktari wake kwanza.

Kaka, kesho mpeleke kliniki au hospitali ya Bombo, bebeni na pakiti yenyewe, aseme ukweli anameza ngapi na tangu lini, asione aibu. Na aulizwe kinachomnyima usingizi, maana huko ndo tiba ilipo. Kama atakuwa bado anameza ikikaribia kujifungua, manesi wa leba wajue mapema, kwani mtoto anaweza kutoka amelegea, ananyonya kwa shida na kupumua kwa shida, wanatakiwa wamwangalie kwa karibu siku hizo za mwanzo.