Mahindi hayakutoka India

Ndugu, umeuliza kama jina "mahindi" linaonyesha yalitoka India. Hapana. Asili yake ni Meksiko, ambako wakulima waliyapata kwa kuchagua mbegu za nyasi ya mwitu, miaka 9,000 hivi iliyopita. Yalianza kuvuka bahari baada ya safari ya baharia Columbus ya 1492 iliyomfikisha Amerika, na Wareno wakayaleta Afrika, pamoja na muhogo kutoka Brazili. Kabla ya hapo ugali wa wazee wetu ulikuwa wa mtama, uwele au ulezi.

Kinachoniumiza ni kilichoelekea upande wa pili: ndui. Iliwashambulia watu wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki huko Meksiko, mwaka 1520, na mwaka uliofuata mji wao ukatekwa na Wahispania. Miili yao haikuwa na kinga yoyote, maana ugonjwa huo hawakuwahi kuujua.