Jibu: Tumepanda daraja, sasa tunashinda Ijumaa tu

Habari ndugu. Umesema kwenye mchezo wetu wa kompyuta wa kuongoza timu ya besiboli ya chuo, wapigaji (wanaoupiga mpira kwa gongo) ni walewale waliokupandisha daraja, ila msimu huu Jumamosi na Jumapili mnachapwa na mstari wa kushuka unawanyemelea.

Usiwaguse wapigaji kwanza. Fungua ukurasa wa warushaji, wale wanaowarushia wapigaji mpira, utazame uchovu wao. Besiboli ya vyuo vya Marekani ni mechi tatu kila wikendi na timu ileile, na mara nyingi nyingine Jumanne. Daraja la juu wapigaji wana subira, hawakimbilii mpira uliorushwa vibaya, hivyo mrushaji hulazimika kurusha mingi zaidi. Mrushaji wangu wa Ijumaa alirusha mipira 118 bila kumaliza duru ya sita kati ya tisa, nikawatumia warushaji wa akiba wote usiku huohuo. Jumapili sikuwa na mrushaji hata mmoja ambaye mkono wake haujachoka!

Basi mrushaji wa Ijumaa nikamwekea kikomo cha mipira 95, na mrushaji bora wa akiba nikamtunza hadi Jumapili. Jumanne nikawaachia wa mwaka wa kwanza, hata tukifungwa. Tulibaki daraja la juu kwa tofauti ya ushindi mmoja, na nilifurahi kuliko siku tuliyopanda.

Pia hesabu wachezaji walio mwaka wa tatu chuoni: timu za kulipwa zinaruhusiwa kuwachukua. Tafuta mbadala sasa. Mbio za ubingwa sijawahi kuzifikia, hilo wakujibu waliofika.