Kozi ya misitu na wanyamapori: uliza kwanza habari za uwandani

Wengi wanaoomba kozi ya misitu au usimamizi wa wanyamapori huvutwa na mapenzi ya porini. Mapenzi hayo ni mtaji mzuri, ila kinachowakwamisha wanafunzi ni hesabu: takwimu, upimaji wa misitu na sensa ya wanyama.

Unapolinganisha vyuo, usihangaike sana na orodha ya masomo, maana zinafanana: ikolojia, botania, udongo, ukuzaji miti, sheria, ramani. Uliza wiki za mafunzo kwa vitendo ni ngapi, na kifaa kimoja hutumiwa na wanafunzi wangapi. Watu ishirini wakigawana klinomita moja (kifaa cha kupimia mwinuko na urefu wa miti), wengi hubaki watazamaji. Kundi la wanne linatosha: wawili wapime, mmoja atambue miti, mmoja aandike.

Kipimo cha kwanza utakachofundishwa ni kipenyo cha mti, mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko, kimo hicho huanzia upande wa juu wa mti. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, hesabu miti miwili. Mti wenye mbavu kubwa shinani hupimwa juu ya pale mbavu zinapoishia, na kimo ulichopimia kiandikwe. Utepe ukikaa mshazari, kipenyo kinaongezeka, na kosa hilo linakua kwenye hesabu kwa sababu kipenyo huzidishwa kwa chenyewe: ukisoma sentimita 33 badala ya 30, eneo la shina linapanda kwa asilimia 21. Hatari zaidi ni kuandika mzingo mahali pa kipenyo. Hapo ujazo wa mti unakuwa karibu mara kumi ya ulivyo. Kama utepe wako ni wa kawaida, unaosoma mzingo, gawanya kwa 3.1416 kwanza.

Ploti, yaani kipande cha msitu kinachopimwa kama sampuli, ikiwa ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 17.84 ina ukubwa wa hekta 0.1. Umbali huo ni wa mlalo. Ukipanda au kushuka moja kwa moja mteremko wa digrii 20, gawanya kwa kosaini yake, 0.94, utembee karibu mita 19. Usipofanya hivyo, ploti inapungua kwa asilimia 6 hivi na idadi ya miti kwa hekta inaharibika bila mtu kujua.

Kwa urefu wa mti, simama mbali angalau sawa na urefu unaoukisia. Ukiwa mita 20, kilele kikisoma asilimia 70 juu na shina asilimia 8 chini ya usawa wa jicho, jumlisha: 78 kwa mia mara 20 ni mita 15.6. Shina likiwa juu ya jicho, toa. Angalia pia unasoma upande gani wa klinomita, wa digrii au wa asilimia, kwani digrii 45 ni asilimia 100.

Kwa wanyama, sensa ya mstari, yaani kuwahesabu ukitembea kwenye mstari ulionyooka, inadai umbali wa pembeni kutoka kwenye mstari hadi pale mnyama alipokuwa ulipomwona mara ya kwanza, kabla hajakimbia. Ukimwona umbali wa mita 80 kutoka ulipo, kwa pembe ya digrii 30 kutoka kwenye mstari, umbali wa pembeni ni mita 40. Usiufuate mstari wa barabara kwa ajili ya urahisi: wanyama wengine huikwepa, wengine huifuata, na matokeo hayatawakilisha pori zima.

Andika kwa penseli, wino huchuruzika mvua ikinyesha. Andika ulichosoma kwenye kifaa, mahesabu yaje baadaye. Ukikosea, piga mstari mmoja bila kufuta. Sampuli za mimea zichumwe zikiwa na ua au tunda, na rangi ya ua uiandike papo hapo kwa sababu hufifia ikikauka.

Kabla masomo hayajaanza, rudia saini, kosaini na tanjiti, kisha wastani na mchepuko sanifu, kwa mkono kabla ya kompyuta.