Siku ya kwanza ya traki: maswali ya wasomaji

Safari hii tumekusanya barua za wasomaji wanaotaka kupeleka gari la kila siku kwenye traki ya lami kwa mara ya kwanza. Hatuzungumzii mashindano. Ni zile siku unazolipia uendeshe kwa kasi yako, kwa vipindi vya dakika 15 au 20, na jioni unarudi nyumbani na gari lilelile.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, gia za mkono. Nimeweka akiba ya kubadilisha egzosi na kuongeza nguvu ya injini kabla sijaenda. Fundi wangu anasema nianze na breki, wakati breki zangu mjini zinashika bila shida. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Nairobi

Fundi wako. Fundi anayekukataza kumlipa hela ya egzosi ni wa kumshikilia.

WRX yako, nawe ukiwa ndani, ina kilo 1,500 hivi. Kuishusha kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80 kunazalisha joto la kuchemsha lita 3 za maji, na breki zinalimeza lote kwa sekunde tatu hivi. Mjini jambo hilo halikupati hata mara moja kwa wiki. Traki inakudai hivyo kila kona kubwa, na diski hazijapoa unafika nyingine.

Joto hilo linakuangusha kwa njia mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Ya kwanza: pedali inakuwa laini na kuzama chini. Hapo mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi, kwa hiyo mguu unasukuma mapovu. Ya pili: pedali ni ngumu kama kawaida lakini gari halisimami. Hapo mafuta ni mazima, pedi ndizo zilizozidiwa. Ya kwanza ndiyo ya kuogopa zaidi kwa sababu haikupi taarifa: kona hii pedali ipo, kona ijayo haipo. Likikutokea, pampu pedali harakaharaka, shusha gia moja moja, nyoosha usukani, na umalize mzunguko polepole bila kugusa breki.

Dawa ya mafuta ni rahisi kuliko dawa nyingine zote. Mafuta ya breki yana madaraja yanayoitwa DOT: DOT 3 mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 kuanzia 230, DOT 5.1 kuanzia 260. Hizo ni za chupa iliyofunguliwa leo. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani, na yakishakaa kwenye gari miaka miwili mitatu kiwango kinashuka sana: DOT 3 yenye unyevu inaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Kwa siku ya traki nunua DOT 4 ya daraja la michezo. Motul RBF 600, kwa mfano, imeandikwa nyuzi 312 ikiwa mpya. Lita moja inakutosha na chenji. DOT 5, ile isiyo na nukta moja, ni silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine. Usiipokee hata ukipewa bure.

Kutoa mafuta ya zamani kunahitaji watu wawili na saa moja na nusu. Nyonya karibu yote ya zamani kutoka kwenye kikopo cha masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) kwa bomba la sindano, jaza mapya, kisha fuata mpangilio wa magurudumu uliomo kwenye kitabu cha gari. Mmoja akanyage pedali na kuishikilia, mwingine afungue nipu (skrubu ndogo ya kutolea mafuta kwenye kalipa) robo mzunguko, mafuta yatoke kwa mpira mwembamba ulioingizwa kwenye chupa, afunge, ndipo pedali iachiwe. Rudia mpaka yanayotoka yawe na rangi ya yale ya kwenye kopo na mapovu yaishe. Kila baada ya mikanyago mitano sita angalia kikopo. Kikikauka hewa inaingia na unaanza upya. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isigonge sakafu. Masta silinda ya miaka ishirini ina uchafu na kutu kwenye sehemu ambayo raba yake haijawahi kufika, na ukiipitisha hapo inachanika. Wengi wamemaliza kazi vizuri, kesho yake pedali inazama taratibu kwenye taa nyekundu, wakalaumu mafuta. Yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwagia maji papo hapo, maana yanaibabua.

Pedi: ziwe zaidi ya nusu ya unene wa mpya, na ziwe za mtengenezaji anayeandika kiwango chake cha joto. Pedi za kawaida za mjini zinaanza kulegea karibu na nyuzi 350 hadi 400. Ukifunga mpya, zipe mazoezi kabla: barabara iliyo wazi, shusha kutoka 100 hadi 20 mara nane au kumi mfululizo bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki. Unachofanya ni kupaka utando mwembamba wa pedi juu ya diski. Utando ukikaa madoamadoa, usukani unatetemeka, na watu wanasema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, imepakwa vibaya.

Injini yako ya EJ20 ina jambo moja tu la kushughulikia sasa: oili. Badilisha kabla ya siku yenyewe, iwe kwenye alama ya juu ya kijiti, na ipime kila unaporudi kwenye kipindi, maana kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja na pampu inaweza kunyonya hewa. Beba lita moja ya akiba. Kwenye rejeta weka kulanti halisi, si maji ya bomba, na badilisha mfuniko kama raba yake imekauka. Kwa mwinuko wa Nairobi maji matupu yanachemka karibu nyuzi 94 au 95. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikwa na mfuniko huo.

Hela ya egzosi iweke. Utajua unaitaka ukishazunguka siku tatu nne.

Nina Toyota 86 ya 2013. Nataka kuipeleka Dubai Autodrome. Kibandiko cha mlangoni kinasema tairi psi 35. Rafiki yangu anasema nipunguze hadi 28, mwingine anasema niongeze ili tairi zisilale kwenye kona. Oili je, 0W-20 inatosha kwa joto la huku? – Msomaji, Dubai

Wote wawili wanakupa jibu bila kupima. Upepo unaotakiwa ni ule wa tairi likiwa moto, na huo huwezi kuujua ukiwa nyumbani.

Ukianza na 35 asubuhi, mizunguko mitano ya kasi inaweza kukufikisha 41 au 42. Tairi linavimba katikati, sehemu inayogusa lami inapungua, gari linaanza kuteleza kama limekanyaga mchanga. Anza na 31 pande zote. Kabla ya kutoka, chukua chaki uchore mstari kutoka kwenye kashata za tairi hadi ubavuni, sehemu tatu kwa kila tairi. Ubavuni pana kialama kidogo cha pembetatu. Ukirudi, chaki iwe imefutika mpaka kwenye pembetatu. Imefutika kupita hapo, tairi linalala, ongeza psi 1 au 2. Imebaki mbali juu ya pembetatu, punguza. Gari la aina yako kwa tairi za barabarani mara nyingi linatulia kwenye 35 hadi 37 likiwa moto.

Pima dakika ile ile unayosimama, kwa geji yako mwenyewe, na uandike. Kwa Dubai kuna mtego: kila nyuzi 5 au 6 za joto la hewa zinabadilisha karibu psi 1, kwa hiyo kipimo cha saa moja asubuhi si cha saa saba mchana. Hata kuegesha ubavu mmoja juani kunatosha kukudanganya. Mzunguko unaoenda kama mshale wa saa unaelemea tairi za kushoto, basi usishangae zikipanda zaidi ya za kulia. Ukimaliza, subiri tairi zipoe na uzirudishe 35 kabla ya kuingia barabara kuu.

Kuhusu oili, injini hiyo inachukua lita 5.4 pamoja na filta. 0W-20 ni oili nyepesi ya kubana matumizi ya petroli. Kwa siku ya traki kwenye joto, 5W-30 sintetiki kamili, iliyo nzito kidogo, ni chaguo la busara. Muhimu kuliko namba ni kujua oili imefika nyuzi ngapi, na dashibodi yako inaonyesha joto la maji tu. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kusomea kompyuta ya gari) na simu vinakuonyesha la oili. Ikifika 130, punguza mwendo mzunguko mzima. Petroli isishuke chini ya nusu tangi.

Kile kidude cha kuzuia kuteleza kiache kikiwa kimewashwa siku hiyo. Ila ujue kinafanya kazi kwa kubana breki za nyuma bila kukuuliza; pedi za nyuma zikiisha kabla ya za mbele, kosa ni la mguu unaokanyaga mafuta mapema.

Golf yangu ina tairi mpya kabisa. Nimelipia siku ya traki huku Uingereza. Kuna kitu kinaweza kunirudisha getini? – Msomaji, Leicester

Kelele. Viwanja vingi vya huko vinapima gari likiwa limesimama: kipimo kinawekwa nusu mita kutoka kwenye bomba la egzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa kwenye robo tatu ya mizunguko yake ya juu. Desibeli 105 ni kikomo cha kawaida, vingine viko chini ya hapo. Golf yenye egzosi ya kiwandani inapita. Beba leseni, helmeti (nyingi zinakodishwa palepale), shati la mikono mirefu na suruali ndefu. Usichelewe maelezo ya asubuhi, maana asiyehudhuria haingii. Hapo ndipo unaambiwa kulipita gari lingine ni upande upi na ni kwa ruhusa ya anayepitwa.

Tafuta ile ndoano ya kuvutia gari kwenye buti na ujaribu kuifunga kwenye bampa la mbele kabla ya siku. Kwenye magari mengi ya VW nyuzi zake ni za kinyume: unaifunga kuelekea kushoto. Bima ya barabarani kwa kawaida haifuniki traki; waulize kwa maandishi.

Tairi mpya ndizo za kusikitikia. Kashata za milimita 8 zinayumba, zinapata joto kupita kiasi na kumeguka vipande. Za milimita 4 au 5 zingekufaa zaidi. Soma na tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililozidi miaka sita liache, hata kama linang'aa.

Vitz yenye CVT inaweza kwenda? – Msomaji, Mombasa

Inaweza, kwa mizunguko mitatu mitatu. CVT ni giaboksi otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, na mkanda huo wa chuma unabanwa na presha ya mafuta yake. Mafuta yakipata joto kupita kiasi kompyuta inakata nguvu, gari linakuwa bajaji. Weka mafuta mapya ya CVT yaliyotajwa kwenye kitabu cha gari. ATF ya kawaida, yale mafuta ya giaboksi otomatiki za gia, inaua giaboksi hiyo.

Nitoe nini ndani ya gari, na nikirudi kwenye maegesho nifanye nini? – Msomaji, Arusha

Toa kila kinachoweza kuruka: jeki, spea, chupa za maji, kiti cha mtoto, na kwanza kabisa zulia la dereva, maana linateleza chini ya pedali. Mzunguko wa mwisho wa kila kipindi uwe wa kupooza, bila breki. Ukiegesha usivute hendibreki, kwa sababu pedi za moto zinagandia diski. Acha kwenye gia na kabari chini ya tairi. Kama ni ya turbo, iache iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Fungua boneti joto litoke, mfuniko wa rejeta usiuguse. Nati za magurudumu zikaze rimu zikishapoa, kwa spana ya kipimo cha nguvu ya kukaza. Toyota nyingi ndogo ni Nm (nyutoni-mita) 103. Kisha zirudie kabla ya safari ya kurudi Arusha.