Mnaoenda kuanza kazi kwenye mitambo ya gesi, pua haitoshi

Wadogo zangu wa Mwanza mliosomea umeme au ufundi mitambo na sasa mmepata kazi huko kusini kwenye umeme wa gesi, hongereni sana, ila nisikilizeni kidogo kabla hamjapanda basi.

Sisi wa huku ziwani gesi tunayoijua ni ya mtungi wa jikoni. Ile ikivuja unaisikia harufu, na inatambaa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Sasa hii ya Songo Songo na Mnazi Bay, visima vya gesi vya Lindi na Mtwara, ni metheni, uzito wake ni kama nusu tu ya hewa, inapanda inajikusanya juu darini, na yenyewe haina harufu, harufu huwa inawekwa, ila mitamboni mara nyingi gesi inafika haijawekwa, kwahiyo usije ukasema "sijasikia kitu" ukadhani umekagua. Ikishafika kati ya asilimia 5 na 15 kwenye hewa, cheche moja tu basi.

Mi mwaka wangu wa kwanza, kituo kimoja kidogo, ditekta, kile kifaa cha kugundua gesi iliyovuja, ilikuwa inalia usiku usiku mpaka tukaizoea. Mwenzangu akasema ni vumbi, nikakubali, nikazima king'ora nikaendelea kujaza kitabu cha zamu. Asubuhi fundi mkuu akapanda ngazi na kipimo cha mkononi akakuta gasketi, ile ya kuziba maungio, juu ya injini ya tatu inapitisha gesi. Hakunigombeza, alinishika mkono akanipandisha nikaone mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka natetemeka.

Kama ulifanya fildi Nyakato pale, kwenye kituo cha umeme wa mafuta mazito, unajua mafuta mazito lazima yapashwe moto ndo yapite. Kwenye gesi hakuna hiyo habari, injini zinawashwa na plagi, presha ya gesi ikicheza injini inaanza kugonga au kukosa moto, kwahiyo geji isome kwa macho kila saa, usinakili namba ya aliyekutangulia hata kama umechoka vipi. Simu iache kwenye kabati.

Na siku ya kwanza kabisa, hata kitanda hujaoneshwa, mwombe msimamizi akupeleke kwenye valvu kuu ya kufunga gesi. Uishike. Halafu urudi tena usiku, utembee peke yako kutoka chumba cha kuongozea mitambo mpaka pale bila tochi, uhesabu hatua.