Halloween na watoto: ogopa gari kuliko pipi

Dada uliyeuliza kama uwaache wanao wa miaka 5 na 9 watoke Halloween (ile sikukuu ya Oktoba 31 watoto wanavaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi), maana umeambiwa kuna watu wanatia sumu kwenye pipi, kwanza karibu sana Columbus. Mimi nimelelea wanangu hapahapa Ohio, Marekani, na kila mwaka natoka nao kugonga milango, nakujibu kwa niliyoyaona.

Hiyo ya sumu isikunyime usingizi. Kuna profesa anaitwa Joel Best amefuatilia hizi habari tangu miaka ya 1980, hajapata kesi hata moja iliyothibitika ya mtu baki kuua mtoto kwa pipi za kugawa ovyo. Ile ya Texas ya 1974 ambayo kila mtu anaitaja, mtoto alikufa kweli kwa sayanaidi, ila aliyempa ni baba yake mzazi, alikuwa anataka hela ya bima. We mkifika home kagua, iliyofunguka karatasi tupa, na kama kuna aleji ya karanga soma kila pakiti, basi.

Kinachoua usiku ule ni gari. Utafiti uliotoka 2019 kwenye jarida la madaktari wa watoto la JAMA Pediatrics ulipitia ajali za Marekani za miaka 42, ukakuta hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa jioni ya Halloween iko juu kwa asilimia 43 ukilinganisha na jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada, na walioathirika zaidi ni watoto wa miaka 4 hadi 8, huyo mdogo wako yumo humo. Na ukifikiria ndo saa zenyewe, huku mara nyingi mji unapanga watoto watoke saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku na jua linazama kama saa 12 na nusu, yaani watu wanatoka kazini, giza linaingia, watoto wamejaa barabarani na wengine wamevaa nyeusi tupu. (Siku yenyewe angalia tangazo la mji wenu, mara nyingine sio tarehe 31.)

Sasa kitu ambacho wenyeji hawatakwambia kwa sababu hakiwahusu. Sisi tumefundishwa tangu chekechea tazama kulia, kushoto, kulia tena. Huku magari yanapita upande wa kulia, gari la kwanza kukufikia linatokea KUSHOTO kwako. Mwaka wako wa kwanza shingo itageuka yenyewe upande wa kulia na mguu umeshashuka barabarani. Wafundishe watoto mchana, nendeni mkasimame pale kwenye zebra mjaribu. Halafu maliza upande mmoja wa mtaa wote ndio mvuke kwenye kona, msikatize katikati ya magari yaliyopaki, dereva hamuoni mtoto mpaka ameshatokeza mbele ya boneti.

Nguo nazo. Gauni la binti mfalme likiburuza lipinde ulishone, mwisho liwe juu ya kifundo cha mguu, na chini avae raba zake za kila siku, sio vile viatu vya plastiki vinavyokuja na gauni. Kuna mtoto wa jirani nilimshuhudia anapanda ngazi za baraza ya nyumba ya watu, pipi mkono mmoja, fimbo mkono mwingine, akakanyaga pindo akaangukia uso, na pembeni ya ngazi palepale kulikuwa na boga la pambo lililochongwa, ndani lina mshumaa unawaka. Alipasuka mdomo tu, ila lile gauni na ule moto vilikuwa karibu mno, hizo nguo nyingi ni polista au nailoni, zikishika moto zinayeyukia kwenye ngozi. Kwa hiyo penye boga la mshumaa tangulia wewe usimame kati ya mtoto na moto. Maski pia achana nazo, zinahama mtoto anabaki anachungulia kwa jicho moja, mpake rangi usoni. Bandika tepu ya kung'aa (ile inayorudisha mwanga wa taa za gari) mgongoni na kwenye mfuko wa pipi, kila mtoto tochi yake.

Huyo wa miaka 9 akikuomba aende na wenzie peke yao mwambie bado. Nyumba ambayo taa ya barazani imezimwa rukeni, hawapokei. Ukikwama kupata ile tepu niandikie inbox, ninayo rola nzima.