Ukuta mtupu, anza na doti ya kanga

Nimekaa nyumba za kupanga Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kila anayehamia kwake akiniuliza aanzie wapi na kuta tupu, namwambia asinunue picha ndogo ndogo. Ukuta wa sebule una mita tatu au nne. Picha ya ukubwa wa daftari inapotea hapo, na hela imeshatoka. Tafuta kitu kimoja kikubwa. Na kikubwa cha bei nafuu tunacho tayari: kanga.

Kanga moja ina upana wa mita moja na nusu hivi na kimo cha zaidi ya mita, na pindo lake limeizunguka pande zote kama fremu. Ukienda kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru, omba ukunjuliwe yote, kisha rudi nyuma hatua kadhaa uiangalie. Vimaua vidogo vinavyopendeza mkononi havionekani ukutani. Chagua mji, yaani ile sehemu ya katikati, wenye umbo kubwa, korosho au nanasi. Halafu soma jina kwa makini, maana wageni watalisoma kabla hawajakaa. Kanga za mafumbo zina mahali pake, ila ukilitundika fumbo sebuleni, jirani au wifi atadhani umemlenga yeye. Mimi huchukua jina la dua au la shukrani.

Usiifue. Lile dondo la nguo mpya ndilo linaloifanya ining'inie imenyooka. Kata doti katikati, pinda ncha, piga pasi. Ukifika kwa fundi cherehani, atataka kukunja sehemu ya juu apate pa kupitishia fimbo. Mkatalie, kwa sababu pindo la juu litamezwa na kanga itaonekana imekatwa kichwa. Mwambie ashone utepe wa kitambaa cheupe kwa nyuma, upana wa vidole vitatu, uachwe wazi pande mbili. Fimbo ipite humo. Chini weka utepe mwingine na fito nyembamba ya kuivuta. Fito hizo seremala hukuuzia kwa bei ndogo kutoka kwenye mabaki yake. Kanga ya pili shonea foronya za mito ya makochi, rangi zitaitikiana.

Kabla ya kutundika chochote, upapase ukuta. Ukiona rangi imebabuka karibu na sakafu au unga mweupe umetokeza, hapo pana unyevu, na wakati wa masika kitambaa kitaota ukungu. Hamia ukuta mwingine. Mwombe pia mwenye nyumba ruhusa, kisha tumia misumari ya zege, kwani ya kawaida inapinda kwenye tofali za saruji. Bandika kwanza kipande cha selotepu pale unapopigilia ili rangi isibanduke. Plasta ikiwa na mchanga mwingi, msumari utacheza tu. Toboa kwa drili, weka plagi na skrubu.

Ukitaka mchoro halisi, nunua Tingatinga kwa wachoraji wenyewe, Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa mtindo huu mwaka 1968, akitumia mbao za hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Hiyo ni faida kwako leo: mchoro wa rangi ya mafuta hauhitaji kioo, na kwenye fremu kioo ndicho kinachokula hela. Vumbi unafuta kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Kibao kidogo hakitaujaza ukuta wa sebule, lakini kwenye korido au juu ya meza ya kulia kinatosha kabisa. Vikapu vya Iringa na nyungo navyo vinapendeza. Vipange vitatu vinne vya ukubwa tofauti, vikaribiane.

Picha za familia zichapishe nyeusi na nyeupe zote. Zilizopigwa kwa simu tofauti zina rangi zinazogombana, na hapo ugomvi unakwisha. Kuhusu kimo, wengi tunatundika juu mno. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, ncha ya chini iache nafasi ya kiganja kimoja tu. Kata gazeti kwa ukubwa wa picha, libandike, likae siku mbili tatu ulizoee. Ukiridhika, chukua nyundo.